Boma Lililokosekana Katika Orodha Zote Mbili

Kuna boma moja ng'ambo ya Kisian, chini kabisa karibu na maji, ambalo niliiuliza mashine mara mbili kama lina watu, na mara zote mbili sikujibiwa. Sisemi kwamba niliambiwa hapana. Hapana ningeielewa, hata ningebishana nayo. Nilinyamaziwa, nami kwa ujinga wangu nikadhani kimya kile ni jibu. Tangu siku hiyo sipendi kimya. Nikiwa peke yangu ofisini nawasha redio, hata kama ni matangazo ya mbegu na mabati tu.

Kazi yangu ni kuuliza maswali. Niko katika mradi mdogo mjini Kisumu unaowaonya watu wa ufuoni juu ya mafuriko, na mimi ndiye ninayetunza kumbukumbu za maboma yao. Hatukuziweka katika jedwali, safu juu ya safu. Tuliziweka kama grafu: kila boma ni nukta, kila njia ni nukta, kila kanisa lililo mwinukoni ni nukta, na kati yao kuna mistari inayosema hili hupitia hapa, huyu ni jirani wa yule. Jedwali litakuambia nani anaishi wapi. Grafu itakuambia kwamba kile kidaraja cha mbao kikienda na maji, ni akina nani watakaobaki wamefungiwa. Nilijivunia sana kitu kile. Wageni wakija ofisini nilikuwa nakivuta kwenye skrini kabla hata hawajapewa chai.

Sasa nieleze jambo la kwetu ambalo mgeni huenda asilijue. Kwetu watu hawahesabiwi. Magunia ya mahindi yanahesabiwa, miwa inahesabiwa, samaki wanahesabiwa mbele ya mteja, lakini watu, hasa watu wa nyumba yako mwenyewe, huwanyooshei kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, maana wazee huamini kwamba wanaohesabiwa hupungua. Nilikulia Muhoroni, baba yangu akiendesha trekta la miwa, na siku moja nikiwa mdogo, juzi tu nimefundishwa hesabu shuleni, niliwahesabu ndugu zangu wakiwa wamezunguka sahani ya ugali. Mama yangu alinipiga kidole kwa mwiko wa moto. Hakunikemea kwa sauti kubwa. Aliniuliza polepole, "Unamwonyesha nani?" Nilitazama nyuma yangu, na mpaka leo sijui nilitarajia kumwona nani.

Kwa hiyo nilijua, na hilo ndilo linaloniuma. Mgeni kutoka nje angeweza kusema hakuelewa mila. Mimi nilielewa vizuri sana.

Tulipoanza kuandikisha maboma, fomu kwenye simu za wahudumu wa vijiji ilikuwa na swali: boma hili lina watu wangapi? Nafasi ile ilikubali namba tu. Baada ya muda mhudumu mmoja, mama mpole wa makamo ambaye anajulikana na kila mtu pande zile, alikuja ofisini amechoka, viatu mkononi.

"Madam, hii fomu yako inanigombanisha na watu," alisema. "Wale wamama wazee hawataji namba. Nikiuliza mko wangapi, wananiambia tuko. Nikijaza namba yangu mwenyewe, itakuwa nimewahesabu mimi. Hiyo nayo siwezi."

"Unataka nifanye nini?"

"Fungua tu hapo. Tuandike vile mtu amesema."

Nikafungua. Ilinichukua dakika chache, na nilijisikia mwema, mtoto wa nyumbani anayejua heshima za nyumbani. Grafu yetu haikuwa na ubishi: nukta hubeba chochote inachopewa, wala haiulizi kama jirani yake amebeba kitu cha aina nyingine. Boma moja likabeba namba sita. Jingine likabeba sita iliyoandikwa kwa herufi. Jingine likasema "wengi kiasi". Na boma lile la chini, lenye wajane wawili waliokuwa wake wa mume mmoja, likabeba neno moja la Kijaluo: wantie. Maana yake ni kwamba tupo, tuko hapa. Ndivyo alivyojibu mjane mkubwa, na ndivyo mhudumu alivyoandika.

Kisha nikasahau kabisa.

Mvua zilipokuja safari ile zilianza juu milimani, na sisi wa chini tukaona mito ikibadilika rangi kabla hatujaloa. Ziwa nalo lilikuwa limejaa tangu zamani, halina pa kupokea zaidi. Maji yakarudi nyuma mashambani. Asubuhi moja mkubwa wangu alisimama mlangoni kwangu, akaniambia boti ni chache na maboma mengi ni matupu kwa sababu watu wameshapanda kwa jamaa zao au wamo mijini, kwa hiyo anataka orodha ya yale yenye watu tu, yenye watu wengi yakitangulia. Nikaandika swali langu kwa grafu: nipe kila boma ambalo watu wake ni zaidi ya sifuri na njia yake imekatika. Jibu lilikuja kabla sijaweka kikombe chini. Nikachapa karatasi, wenye boti wakaondoka nazo ndani ya mifuko ya plastiki.

Alasiri simu ya mradi ililia, nikaishika mimi. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na maji, mlio mdogo wa kitu chepesi kinachogonga ukuta, sufuria labda, kinagonga na kuacha.

"Nyathina," aliniita, mwanangu, "maji imeingia. Tuko juu ya kitanda."

Nilimuuliza boma la nani. Akanitajia jina la marehemu mume wake. Nilipitisha kidole kwenye karatasi kutoka juu hadi chini. Halikuwemo.

"Mama, mko wangapi hapo?"

"Wantie."

"Mama, nahitaji namba."

"Nimesema wantie. Tuko. Mwenzangu hawezi kutembea."

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile nilikuwa sijala wala sijakaa. Nilipandisha sauti. Nilimwambia mwanamke wa umri wa mama yangu, "Mama, tafadhali, namba! Sema namba!"

Sufuria ikagonga. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, kama anayetoa kitu ambacho hakuwa amepanga kukitoa, "Wawili."

Nikageukia mashine. Nikaligeuza swali: nipe maboma yote ambayo watu wake si zaidi ya sifuri. Nilifikiri labda tuliliandika kimakosa kuwa tupu. Orodha ikaja, nikaipitia. Halikuwemo. Basi nikajiambia, kama halimo miongoni mwa yenye watu, na halimo miongoni mwa yasiyo na watu, basi si letu. Majina ya waume yanafanana huku, kila lokesheni ina lake. Lazima ni boma la upande wa pili, unaoshughulikiwa na ofisi nyingine. Nilikuwa na swali la tatu, jepesi kuliko yote, la kuuliza jina tu bila sharti lolote, na sikuliuliza. Niliziamini orodha zangu kuliko sauti ya mtu.

Nikamwambia nampa namba ya ofisi nyingine apige huko. Nilimtajia tarakimu kumi mwanamke aliyesimama juu ya kitanda ndani ya maji, nikamwambia aziandike. Alisema ndiyo, ndiyo, baada ya kila moja. Kisha simu ikakatika.

Walipatikana siku ya pili yake, kwa bahati tu, na mwenye boti aliyekuwa akielekea boma jingine. Aliona leso imefungwa kwenye mwamba wa paa. Mjane mkubwa alikuwa amekaa juu ya meza iliyowekwa juu ya kitanda, akiwa amempakata mwenzake. Mwenzake alikuwa ameshakufa. Hakuzama. Baridi ilimmaliza, walisema, na miguu iliyokuwa majini muda mrefu, na uzee.

Taarifa ilipofika ofisini, mkubwa wangu aliuliza kwa nini boma lile halikuwa kwenye karatasi. Nilikwenda kuliuliza swali la tatu. Lilikuja mara moja, nukta yake mahali pake, mstari wake ukielekea kwenye njia, mstari mwingine kwa jirani, na katika nafasi ya watu: wantie.

Ni hapa inabidi nieleze mashine ile inavyofikiri, maana bila hivyo mtu ataona nalia bure. Ukiiuliza kama sita ni zaidi ya sifuri, itasema ndiyo. Ukiiuliza kama sifuri ni zaidi ya sifuri, itasema hapana. Lakini ukiiuliza kama neno ni zaidi ya sifuri, haisemi ndiyo, haisemi hapana, wala haipigi kelele kwamba umechanganya vitu viwili visivyolingana. Inasema kimoyomoyo, sijui. Na wanaoingia kwenye orodha ni wale tu waliopata ndiyo. Ukiligeuza swali ukidhani sasa watakuja wote waliobaki, hawaji, kwa sababu kinyume cha sijui ni sijui vilevile. Nyumba inaweza kukosekana kati ya zenye watu na ikakosekana kati ya zisizo na watu, na muda wote huo imo humo ndani, imekaa, na jibu lake mkononi.

Kuna kitu kingine kilichonikosesha amani zaidi ya hicho. Kupanga hakuishindi mashine ile. Kama ningeiambia iyapange tu maboma yote kuanzia yenye watu wengi, bila kuchuja, ingeweka namba kwanza na maneno yakafuata chini yake, kila kitu kikapata mahali. Boma lile lingekuwa karibu na mkia wa karatasi. Lakini lingekuwepo, na mwenye boti angeshuka mpaka chini akalikuta. Nilikuwa nimesoma haya yote nilipokuwa najifunza kazi. Niliyasoma nikayapigia mstari kwa kalamu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu nalala naye na kuamka naye.

Nilirekebisha. Siku hizi swali langu linaanza kwa kuuliza kilichomo ni cha aina gani, na kisichokuwa namba kinahesabiwa kuwa ni watu mpaka ithibitike vingine. Yale maboma mengine yaliyoachwa na kosa lile, nilifuatilia moja moja. Wenyewe walikuwa wamejitoa kwa miguu au wamebebwa na majirani. Ni lile la chini tu ambalo lilikuwa na mtu asiyeweza kutembea.

Siku moja mwenzangu wa ofisini, kijana safi wa kazi ambaye hapendi kuona vitu vya aina mbili katika nafasi moja, aliniuliza kama aisafishe nukta ile. "Tuweke namba," alisema. "Mbili?" Kisha akakumbuka, uso ukamshuka. "Ama moja?"

Nikamwambia aiache. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi. Sikuweza kuandika moja. Nilihisi kwamba nikiandika moja nitakuwa nimemaliza kazi ambayo maji yaliianza.

Neno lenyewe likaanza kunifuata. Sokoni Kibuye mwanamke akiita wenzake nyuma ya marundo ya nyanya, nao wakamjibu kwamba wapo, wantie, nilikuwa nasimama na kikapu changu kama niliyeitwa mimi. Kanisani, watu wakiitikia. Hata nyumbani, nikiuliza nani yuko jikoni. Sikuona mzimu, sitaki kumdanganya mtu. Niliogopa tu kusikia watu wakisema wapo.

Halafu yule mhudumu wa kijiji akanipigia. Tulikuwa hatujaongea tangu mazishi, ambayo sikuhudhuria, na visingizio nilikuwa navyo tele.

"Yule mama anaisha," aliniambia. "Hali chakula. Anasema ni yeye ameua mwenzake."

"Amemuuaje?"

"Ati alihesabu. Ati miaka yote amekataa, halafu siku ile mtu wa simu akamlazimisha, akasema wawili. Usiku haukuisha wakawa mmoja. Anasema alimwonyesha."

Sikumuuliza alimwonyesha nani.

Nilikaa na habari ile siku tatu. Nilichokuwa nacho kingemwondolea mama yule mzigo wake: kwamba hakuna kilichosikia hesabu yake, kwamba wenzao waliokolewa na wao wakaachwa kwa sababu ya swali langu. Lakini ningempa vipi nusu ya ukweli? Akiuliza kwa nini swali lako lilituacha, ningejibu nini? Liliwaacha kwa sababu ulikataa kutaja namba. Ningemtoa hatia ya kuhesabu nikamvisha hatia ya kutohesabu. Mkubwa wangu alinishauri ninyamaze, akasema mzee akishaamini jambo lake ni vigumu kumtoa, na mradi hauhitaji maneno. Labda alikuwa sahihi. Lakini kule chini kulikuwa na mtu anakufa kwa njaa kwa kosa langu, na wa kwanza alikuwa ameshakufa kwa kosa hilohilo.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Mhudumu alinipokea barabarani, tukashuka pamoja kwa miguu, yeye mbele, na alipofika kwenye ua wa jirani akaniambia, "Mimi nitabaki hapa na hawa wanaopalilia. Hii ni yako." Kuta za nyumba bado zilikuwa na mstari wa tope, juu ya kiuno changu. Mama alikuwa amekaa ndani kwenye kiti cha mbao, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Nilimwamkia, akanikaribisha, akaniuliza safari, akaniuliza wazazi wangu ni wa wapi. Nilipoanza kusema, aliinua kichwa.

"Hiyo sauti," alisema. "Ni wewe ulishika simu."

"Ni mimi, Mama."

"Uliniambia niseme namba."

"Nilikuambia. Lakini si hiyo namba ilimuua mwenzako, Mama. Hiyo namba haikufika mahali popote. Hata sikuiandika." Nikamweleza. Sikutaja grafu wala nukta. Nilisema kwamba tuna kitabu kwenye mashine, na maboma yote yamo, na mimi ndiye niliyetumwa kukiuliza ni wapi kuna watu. Nilisema niliuliza kwa namba peke yake, nikijua kwamba wazee hawajibu kwa namba. Nilijua tangu utotoni, nikauliza hivyo hivyo.

Alinisikiliza bila kunikata. Kuku aliingia, akatoka.

"Mhudumu aliandika nini kwetu?"

"Aliandika vile ulisema. Wantie."

"Hakubadilisha?"

"Hakubadilisha, Mama. Mpaka leo iko."

"Basi tulikuwa ndani."

"Mlikuwa ndani."

"Na tulikuwa tumejibu."

"Mlikuwa mmejibu."

"Ni wewe hukuuliza vizuri."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa laana, kwa kufukuzwa. Sikuwa nimejiandaa kwa neno lililonyooka namna ile. "Ni mimi," nikasema. "Sikuuliza vizuri." Nikaanza kulia, na niliona aibu, kwa sababu yeye hakuwa analia.

Kisha akafuta magoti yake kwa viganja, kama mtu aliyemaliza kula.

"Sasa mimi unaniambia ya nini?" alisema. "Mimi nilitoka kwa maji. Mwambie yeye."

Alinielekeza kwa kidevu mlango wa nyuma. Kaburi lilikuwa kando ya nyumba ndogo ya mwenzake, udongo mweusi wa ziwani, bado haujalala vizuri. Nilitoka. Sikujua watu husimama upande gani, nikasimama tu. Nilisema kwa sauti ya chini kwamba ni mimi niliyeshika simu, kwamba jina la boma lao lilikuwepo, kwamba walikuwa wamejibu na mimi sikuwatuma watu.

"Paza sauti!" alisema mama nyuma yangu. Alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, ameshika mwimo. "Huyo hakuwa anasikia mzuri."

Nikarudia, kwa sauti.

"Bado."

Katika shamba la jirani wanawake waliokuwa wakipalilia walinyoosha migongo, majembe mikononi, na mhudumu wa kijiji miongoni mwao. Walikuwa wananitazama. Nikavuta pumzi, nikasema tena.